46, 43 au 48? Kuhusu kuwahoji wapiga kura Walatino wa Marekani

*"Shikamoo Daktari. Mimi ni Mtanzania, nasoma shahada ya uzamili Texas, na tasnifu yangu inahusu Walatino (Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini) na uchaguzi wa rais wa Marekani wa 2024. Nimekwama kwenye takwimu. Utafiti uliofanywa kwenye vituo vya kupigia kura unasema Trump alipata asilimia 46 ya kura za Walatino. AP VoteCast, utafiti wa shirika la habari la AP, inasema kama 43. Mwaka uliofuata taasisi ya utafiti ya Pew wakaja na 48. Nikirudi 2016 ndiyo nachanganyikiwa kabisa: wengine wanasema 28, wengine 18. Nani anadanganya? Rafiki yangu mmoja, naye ni Mlatino, ananiambia watu wake hawasemi ukweli kwa wanaowahoji, basi takwimu zote hizo ni bure. Mimi nina data ya kura ya maoni ya kitaifa yenye watu 1,100, na kati yao Walatino waliosema walipiga kura ni 140. Wanaume walio chini ya miaka 30 wapo 19, na 12 kati yao, yaani asilimia 63, walimpigia Trump. Nilitaka hiyo iwe hoja yangu kuu, lakini msimamizi wangu ameikataa bila kunieleza vizuri. Sasa nafikiria kukusanya data yangu mwenyewe. Tanzania nilishawahi kuzunguka na dodoso nyumba kwa nyumba, ila hapa sijui pa kuanzia. Kuna kampuni inaniuzia majibu ya Walatino 500 mtandaoni kwa bei ninayoimudu. Nichukue?"*

Marahaba, ndugu yangu. Msimamizi wako yuko sahihi, ingawa alipaswa kukueleza sababu. Nitakueleza mimi, taratibu, kwa sababu jambo lililokukwamisha limewakwamisha hata wanaolipwa kwa kazi hii.

Hakuna anayedanganya kati ya hao watatu. Ziweke takwimu zao pamoja na utaona kwamba katika mambo mazito wanakubaliana. Wote wanasema Kamala Harris ndiye aliyepata kura nyingi zaidi za Walatino. Wote wanasema alimzidi Trump kwa kiasi kidogo kuliko Biden alivyomzidi mwaka 2020. Wote wanasema Trump alipata zaidi ya kura nne katika kila kumi. Wanapishana kwenye kiasi tu, na pointi tano kati ya 43 na 48 si tofauti ya kutisha ukishajua kila mmoja aliwapata wapi Walatino wake. Hilo ndilo swali la kuanza nalo kila unapokutana na takwimu ya namna hii, kabla hata hujasoma walisema nini.

Utafiti wa vituoni hufanywa na Edison Research kwa ajili ya vyombo vikubwa vya habari vya Marekani. Huchaguliwa vituo kadhaa vya kupigia kura, mdodosaji husimama nje, na kila baada ya idadi fulani ya watu wanaotoka humwomba mmoja wao ajaze fomu. Waliopiga kura mapema au kwa posta hutafutwa kwa njia nyingine, simu ikiwemo. Sasa shika hili: vituo hivyo huchaguliwa ili viwakilishe jimbo zima, havichaguliwi ili viwakilishe Walatino wa jimbo hilo. Na Walatino hawakutapakaa sawasawa. Wako wanaoishi katika mitaa ambayo karibu kila mtu ni Mlatino, na wako wanaoishi vitongojini wakiwa wachache kati ya Wazungu. Sampuli ya vituo ikiikosa mitaa ile ya kwanza, Walatino watakaoingia kwenye fomu ni wa vitongojini, ambao kwa wastani wana kipato kikubwa zaidi na wanatumia Kiingereza zaidi. Kosa la aina hii halionekani kwenye jumla ya jimbo, maana jumla hurekebishwa ilingane na matokeo halisi yaliyotangazwa. Linabaki limejificha ndani ya makundi.

Lilionekana wazi mwaka 2004. Utafiti wa vituoni ulisema George W. Bush alipata asilimia 44 ya kura za Walatino, na magazeti yakaandika kwamba mambo yamegeuka. Uchambuzi wa baadaye ukaishusha takwimu hiyo hadi kama 40, na kwa Texas peke yake ikashuka kutoka 59 hadi 49. Pointi kumi katika jimbo moja!

Ndiyo maana kampuni ya Latino Decisions, iliyoanzishwa na wanasayansi wa siasa, ilikuwa ikifanya utafiti wake yenyewe usiku wa kuamkia uchaguzi, ikiwahoji Walatino peke yao, kwa Kiingereza na kwa Kihispania. Hapo ndipo ilipotoka ile 18 yako ya mwaka 2016. Wenyewe walisema kwa nguvu kwamba 28 ya vituoni ni kosa, kwa sababu zilezile nilizokueleza hapo juu. Kisha Pew wakachukua watu wao, wakawalinganisha na kumbukumbu rasmi za nani alipiga kura na nani hakupiga, na wakapata 28. Hili lisome vizuri, kwa sababu litakusaidia maisha yako yote ya utafiti: wakosoaji walikuwa sahihi kuhusu udhaifu wa njia, na bado jibu la njia ile dhaifu likawa karibu na ukweli kuliko lao. Kuonyesha kwamba njia ina dosari hakutoshi kuthibitisha kwamba jibu lake ni kosa. Lazima uonyeshe dosari hiyo ilivuta jibu upande gani na kwa kiasi gani.

AP VoteCast ilianza 2018, inaendeshwa na NORC, taasisi ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Chicago, na huhoji zaidi ya watu 100,000 kwa simu na mtandaoni. Ukubwa wake ni nguvu kubwa kwa mtu anayetaka makundi madogo. Lakini wengi wa watu hao wanatoka kwenye paneli (makundi ya watu wanaohojiwa mara kwa mara) za kujiandikisha wenyewe mtandaoni, kisha hurekebishwa kwa kutumia sehemu iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Pew huanzia pengine: huwapelekea watu barua kwenye anwani zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, huwaweka kwenye paneli ya kudumu, huwahoji kwa Kiingereza au Kihispania, na baada ya uchaguzi husubiri majimbo yatoe kumbukumbu za waliopiga kura. Kwa hiyo ripoti yao ya 2024 ilitoka Juni 2025. Kusubiri huko kuna maana, kwa sababu katika kila nchi niijuayo watu husema walipiga kura ilhali hawakwenda. Ukinilazimisha nichague moja kwa swali la "Walatino waliopiga kura walimchagua nani", nitaegemea Pew. Lakini kwenye tasnifu ningeandika zote tatu na namna kila moja ilivyopatikana.

Na usichanganye vyombo vya kupimia, yaani tafiti, unapopima mabadiliko. Mwaka 2020 utafiti wa vituoni ulimpa Trump 32 ya Walatino, na Pew katika ripoti yao ya 2021 wakampa 38. Ukichukua 32 ya vituoni ya 2020 ukaiweka mbele ya 48 ya Pew ya 2024, utapata ongezeko la pointi 16 ambalo hakuna chombo hata kimoja kilicholiona. Nimeona makala nyingi zikifanya hivyo. Anza na chombo kimoja, malizia na hicho hicho.

Nije kwa rafiki yako. Anachosema kinapendwa sana, na ninaelewa kwa nini: mtu akishangazwa na matokeo, rahisi ni kusema watu walificha. Chama cha watafiti wa maoni ya umma cha Marekani, AAPOR, kiliunda kamati kuchunguza makosa ya 2016, na hawakupata ushahidi wa maana kwamba wafuasi wa Trump walikuwa wakiwadanganya wadodosaji. Baada ya 2020, ambapo kura za maoni za kitaifa zilikosea kuliko wakati wowote katika miaka 40, kamati nyingine ilichunguza tena, na tatizo lililotiliwa shaka zaidi lilikuwa jingine kabisa: nani anakubali kujibu na nani anakata simu. Pew wenyewe walieleza kwamba mwaka 1997 watu 36 katika kila 100 waliowatafuta kwa simu walikubali kuhojiwa. Kufikia 2018 walikuwa 6. Fikiria nyavu yenye matundu makubwa: dagaa hawamdanganyi mvuvi, hawakuingia tu.

Kwa Walatino matundu hayo ni makubwa zaidi, na hapa nataka tukae kidogo, maana hiki ndicho kiini cha swali lako.

Kwanza lugha. Walatino wengi wa Marekani wanazungumza Kiingereza vizuri, na kati ya wapiga kura ni wengi zaidi, kwa sababu ni lazima uwe raia. Lakini wako mamilioni wanaojisikia huru kwa Kihispania tu, na hawa si sawa na wenzao: wengi ni wazee zaidi, au walizaliwa nje, au wana elimu ndogo ya darasani. Utafiti mkubwa wa jamii wa Marekani, General Social Survey, ulioanza 1972, ulianza kuhoji kwa Kihispania mwaka 2006. Kwa zaidi ya miaka 30 Mlatino asiyejua Kiingereza hakuwemo humo kabisa. Na hata yule anayezijua lugha zote mbili, wanasayansi wa siasa Taeku Lee na Efrén Pérez walionyesha mwaka 2014 kwamba lugha ya mahojiano inaambatana na tofauti za maoni ambazo haziishi hata ukizingatia umri, elimu na mahali alipozaliwa mtu. Wewe umefanya kazi ya dodoso nyumbani, hili halitakushangaza. Afrobarometer, utafiti wa maoni wa nchi za Afrika, huhoji uso kwa uso kwa lugha ambayo mhojiwa ameichagua, na hawafanyi hivyo kwa adabu tu.

Pili, uzani. Huenda unajiambia kwamba data yako imeshapewa uzani, basi mambo yamesawazishwa. Angalia ni nini hasa kimesawazishwa. Kura nyingi za maoni za kitaifa hurekebisha ili Walatino wote kwa pamoja wawe na sehemu yao sahihi ya watu wa Marekani. Zikipata wachache, kila mmoja hupewa uzito zaidi. Lakini kama wale 140 wako walipatikana kwa Kiingereza, wengi wana shahada, na wengi walizaliwa Marekani, uzani huo unaongeza sauti ya watu hao hao. Umerekebisha Walatino ni wangapi, hujarekebisha ni Walatino gani. Fungua maelezo ya njia ya utafiti huo utafute vitu vitatu: je, kulikuwa na mahojiano ya Kihispania na ni mangapi, je, elimu na mahali pa kuzaliwa vilirekebishwa ndani ya Walatino au kwa taifa zima tu, na je, uraia uliulizwa. Usipovipata, waandikie waliofanya. Wasipojibu, hilo nalo ni jibu.

Hapohapo nikuondolee dhana moja. Utasikia watu wakilalamika kwamba utafiti fulani "umeongeza Walatino" kwa makusudi ili kupindisha matokeo. Kuongeza sampuli ya kundi dogo ni kazi halali na nzuri. Unahoji Walatino 1,000 badala ya 140 ili uweze kuwaona kwa undani, kisha kwenye jumla ya taifa unawarudisha kwenye uzito wao wa kawaida. Bila hivyo tunabaki na makadirio ya kubahatisha.

Na sasa wale 19. Nitasema bila kuzunguka: usiitumie hiyo 63. Kwa watu 1,100 kiwango cha makosa ni kama pointi 3 juu na chini. Kwa 140 ni zaidi ya 8. Kwa 19 ni kama pointi 22, yaani takwimu yako inalingana na ukweli wowote kati ya asilimia 41 na 85 hivi. Inalingana na Trump kushindwa kwa vijana hao na inalingana na Trump kuwachukua karibu wote. Vijana wawili tu wangejibu kinyume, 63 yako ingekuwa 53. Na hesabu hiyo inachukulia sampuli safi ya bahati nasibu; ukiingiza uzani, hali ni mbaya zaidi. Sisemi kwamba vijana wa kiume hawakuhama. Tafiti kubwa zinaonyesha kwamba kuhama kulikuwepo. Ninasema data yako haiwezi kulithibitisha wala kulikanusha, na huenda ndicho msimamizi wako alichokiona kwa jicho moja.

Kuna jambo jingine linalonihangaisha kwenye barua yako, nalo ni namna unavyoandika "Walatino" kana kwamba ni kabila moja. Kama sita katika kila kumi wana asili ya Meksiko, na hata hao wanatofautiana. Kwenye mpaka wa Texas kuna familia zilizokuwepo kabla mpaka wenyewe haujachorwa. Hazijioni wahamiaji, na wako kati yao wanaofanya kazi katika mafuta au katika ulinzi wa mpaka. California kuna waliokomaa kisiasa katika ghadhabu ya Pendekezo 187 la mwaka 1994, lililotaka kuwanyima huduma wahamiaji wasio na vibali. Watu wa Puerto Rico ni raia tangu 1917: akiwa kisiwani hapigi kura ya rais, akihamia Orlando, Florida, anapiga, na suala la vibali halimhusu. Wakuba wa Miami walipewa njia yao ya kisheria ya kupata ukaazi mwaka 1966 na historia yao na ukomunisti inazungumza katika kila uchaguzi. Takwimu moja ya kitaifa ni wastani wa hawa wote, na sampuli ya 140 haiwezi kukuambia ni nani kati yao aliyeisukuma.

Njia moja ya kulitazama hili bila kumhoji mtu ni matokeo halisi ya kura. Kaunti ya Starr, Texas, ina Walatino kama 97 katika kila 100. Hillary Clinton alipata huko asilimia 79 mwaka 2016. Biden akapata 52 mwaka 2020. Mwaka 2024 Trump akashinda kwa karibu 58, Mrepublican wa kwanza kuichukua kaunti hiyo tangu 1892. Hakuna mdodosaji hapo, hakuna uzani, hakuna aliyekata simu. Kaunti ya Miami-Dade, Florida, ilimpa Clinton ushindi wa pointi karibu 30, na miaka minane baadaye ikamchagua Trump. Katika Bronx, New York, yenye Wapuerto Riko na Wadominika wengi, Trump alitoka chini ya asilimia 10 mwaka 2016 hadi zaidi ya robo mwaka 2024. Wakuba, Watejano (Watexas wenye asili ya Meksiko), Wadominika: mahali tofauti, sababu huenda tofauti, mwelekeo mmoja. Huo ni ushahidi mzito kuliko kura ya maoni yoyote kwamba kitu kilitokea.

Lakini una mipaka yake. Matokeo ya mtaa hayakuambii mtu gani ndani ya mtaa alifanya nini. Starr unaweza kusema "Walatino" kwa ujasiri kwa sababu karibu wote ni Walatino. Katika mtaa wenye nusu kwa nusu huwezi, maana huenda waliohama ni jirani zao. Pia huwezi kujua kama mtu yuleyule alibadili kura, au wa zamani alibaki nyumbani na mpya akajitokeza. Na usidhani mwelekeo ukishaanza haurudi: Kaunti ya Passaic, New Jersey, ilikwenda kwa Trump 2024, na Novemba 2025 ikampa ushindi Mdemokrati Mikie Sherrill katika uchaguzi wa gavana. Waliojitokeza katika chaguzi hizo mbili hawakuwa watu walewale wote, kwa hiyo hata hapo usikimbilie kusema watu wamejuta.

Kuhusu kampuni inayokuuzia majibu 500: usichukue kwa swali hili. Pew walilijaribu hili na kutoa matokeo mwaka 2024. Kwenye paneli ya mtandaoni ambamo mtu hujiandikisha mwenyewe, waliuliza kama ana leseni ya kuendesha nyambizi ya nyuklia. Kati ya waliojitambulisha kuwa Walatino, asilimia 24 walisema ndiyo. Idadi halisi ya watu wenye kazi hiyo Marekani nzima haikaribii hata asilimia moja. Wengi wa waliojibu hivyo hawakuwa na nia ya kudanganya kuhusu siasa. Wanabofya haraka wapate malipo yao, na wanajitambulisha kwa sifa zitakazowapitisha kwenye dodoso. Vijana na Walatino, wale hasa unaowatafuta, ndio wanaoigizwa zaidi. Ungelipa fedha zako za kula kununua watu ambao huenda hawapo. Fomu ya kusambaza kwenye makundi ya WhatsApp ina tatizo jingine: utawapata marafiki wa marafiki zako, na hutajua kamwe nani aliiona akaipuuza.

Nyumba kwa nyumba, kama ulivyofanya nyumbani, ni njia nzuri kwa kanuni, lakini Texas itakushinda kwa gharama, mageti na hofu. Hata orodha ya kuanzia ni ngumu. Florida na majimbo machache ya kusini huandika asili ya mtu kwenye daftari la wapiga kura. Texas haiandiki, na haiandiki hata chama. Watafiti hutumia orodha ya majina ya ukoo ya Kihispania, ambayo inafanya kazi vizuri mpakani na vibaya kwingine. Humwingiza Mfilipino anayeitwa Santos. Humwacha nje mwanamke wa Kilatino aliyechukua jina la mume asiye Mlatino, na ndoa za aina hiyo ni nyingi: mwaka 2015 zaidi ya robo ya Walatino waliofunga ndoa walioana na wasio Walatino. Wanaoachwa nje kwa njia hiyo si watu wa kubahatisha, kwa hiyo usiwasahau.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ningechukua data zilizokwisha kukusanywa vizuri na zinazotolewa bure kwa watafiti. Cooperative Election Study (CES) ina watu kama 60,000 kwa mwaka wa uchaguzi, kwa hiyo Walatino wake ni maelfu, na kama kweli walipiga kura huhakikiwa kwa kumbukumbu za daftari. Pew hutoa data za utafiti wao wa kitaifa wa Walatino, walioufanya tangu 2002. Collaborative Multiracial Post-Election Survey imejengwa mahsusi kwa makundi haya, ikiwa na mahojiano ya Kihispania. Ukitaka kurudi nyuma, upo Latino National Survey wa 2006 wenye mahojiano 8,634. Humo vijana wa kiume hutawapata 19. Utawapata mamia, na utaweza kuuliza kama waliozaliwa nje wanatofautiana na waliozaliwa Marekani. Data hizi nazo zina udhaifu wake, na CES imetokana na paneli ya mtandaoni, lakini imekaguliwa na wengi na udhaifu wake umeandikwa.

Halafu, kama una hamu ya kuzungumza na watu, na barua yako inaonyesha unayo, fanya mahojiano marefu na watu 20 au 30 katika eneo moja, kwa Kihispania na Kiingereza, ukiwa na msaidizi aliyekulia hapo. Hayatakupa asilimia hata moja, na usijaribu kuzihesabu. Yatakupa sababu. Kwa nini mtu aliyempigia Biden alibaki nyumbani, bei ya nyama ina uzito gani mbele ya habari za mpakani, "mhamiaji" kwake ni nani. Usianze na maswali ya uhamiaji. Ukianza nayo, kila jibu linalofuata litajibiwa kwa kivuli chake, nawe utaandika kwamba uhamiaji ndilo jambo lao kuu kumbe ni wewe uliyelileta. Walatino wakiulizwa wenyewe, uchumi ndio huwa juu.

Yapo mambo ambayo mimi siwezi kukumalizia kwa maandishi. La kwanza ni kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chako: usimhoji mtu hata mmoja kabla ya kibali chao, na nenda ofisini kwao ana kwa ana kuwaeleza hali ya eneo lako. Tangu 2025 ukamataji wa wahamiaji umeongezeka, na familia nyingi zina raia na asiye na kibali chini ya paa moja. Usiulize vibali vya mtu yeyote ndani ya nyumba. Unahitaji kujua tu kama huyu unayeongea naye alipiga kura. Usirekodi majina, na uliza kamati namna ya kuhifadhi sauti ili isimdhuru mtu. Mhojiwa akionyesha hofu, funga daftari. La pili ni mtakwimu. Vyuo vingi vya Marekani vina ofisi ya ushauri wa takwimu isiyotoza wanafunzi. Wapelekee data ya CES pamoja na swali lako na uwaombe wakuonyeshe namna ya kutumia uzani na kukokotoa makosa kwa kundi dogo, kwa sababu programu ukiiacha ifanye yenyewe itakupa kiwango cha makosa kidogo kuliko kilichopo.

Na hoja kuu yako, badala ya ile 63, ianze hivi: "Kati ya 2020 na 2024 kura za Walatino zilisogea upande wa Republican katika tafiti zote kubwa na katika kaunti zenye Walatino wengi, tasnifu hii inauliza kama waliosogea ni walewale waliopiga kura 2020 au ni wapiga kura wapya, na inalichunguza hilo kwa wanaume vijana." Iandike kwenye ukurasa mmoja, chini yake orodhesha data utakazotumia na kila moja iliwapata vipi watu wake, kisha umpelekee msimamizi wako kabla hujalipa chochote.